Mlango wa Chumba cha Barua

Kama umekabidhiwa funguo za chumba cha barua wiki hii, nakupa pole kwanza, hongera baadaye. Pole, kwa sababu hakuna ofisi inayokikumbuka chumba hicho mpaka barua ipotee. Chetu kilikuwa chini ya ngazi, kando ya choo cha wageni, na mkurugenzi mmoja alistaafu bila kujua kuwa kipo. Hongera nitakwambia ni ya nini nikiikumbuka.

Mimi ni Wakesho, mzaliwa wa Taita, na katika chumba hicho nilikaa miaka mingi kuliko niliyokaa na mume. Kampuni yetu ilikuwa ya kutoa mizigo bandarini, hapa hapa kisiwani Mombasa, na jina lake halitawasaidia kitu. Mnaniambia barua zimekufa, kila kitu kiko kwenye simu. Sawa. Lakini hati za mizigo bado zinatembea kwa karatasi, vifurushi vinakuja kuliko zamani, na mtu mwenye chuki bado anaijua njia ya posta.

Kwa hiyo anzeni na mikono. Barua isiyo na jina la mtumaji, iliyobandikwa stempu nyingi kuliko uzito wake, iliyofungwa utepe juu ya utepe, yenye doa la mafuta au uvimbe upande mmoja, hiyo iwekeni chini polepole mahali pake. Msiitikise. Msiinuse. Msiipitishe meza hadi meza kila mtu atoe maoni yake, maana ofisini hakuna asiye na maoni. Nayasema haya kwa mdomo mkavu, kwa kuwa aliyenifundisha kazi alifanya yote matatu kila siku ya Mungu, na hakuna mtu aliyeijua barua kama yeye.

Huyo ni Mzee Mbwana, mkuu wetu wa masijala, mwenyeji wa Mji wa Kale. Alivaa shati jeupe la mikono mirefu na kofia aliyoidarizi mwenyewe, tundu kwa tundu, miezi na miezi. Sikupata kumwona kichwa wazi. Nilipofika nilikuwa msichana wa miaka ishirini, sina ndugu mjini, nimepanga chumba Majengo kwa mama mmoja mkali, na Kiswahili changu kilimchekesha kila mtu. Yeye hakucheka. Alinivutia kiti akasema, "Kaa, mwanangu. Barua haina haraka, mwenye haraka ni mwenye barua."

Alikuwa na pua, huyo mzee. Gunia la posta likimwagwa mezani, alishika bahasha moja moja, akaitikisa sikioni, akaipitisha puani, ndipo akaipanga. "Hii yatoka Marikiti, yanuka bizari." Tunafungua, ni ya mfanyabiashara wa Marikiti. Siku moja mhasibu wetu, baba wa watoto wanne, aliletewa bahasha ya rangi ya waridi iliyoandikwa kwa nje "Ankara". Mzee Mbwana akaivuta harufu, akamrudishia bila kuifungua. "Bwana mhasibu, ankara haitiwi udi." Mhasibu aliondoka na barua yake mfukoni na kwa mwezi mzima hakutusumbua na fomu zake.

Sasa niwaeleze habari ya gundi, kwa sababu bila gundi hamtaelewa kosa langu.

Kampuni yetu ilikuwa bahili. Bahasha kubwa za kaki zilizotufikia kutoka ng'ambo hazikutupwa. Tulizifungua kwa uangalifu, tukazifuta anwani kwa mstari, tukabandika kipande cha karatasi juu yake chenye anwani mpya, tukazituma tena. Gundi ya dukani ilikomeshwa. Mzee Mbwana akawa anapika yake: unga wa ngano, maji, na chembe za shabu, lile jiwe jeupe la kutulizia maji machafu, ili gundi isichache na mende wasiipende. Aliipika kwenye jiko dogo la stima nyuma ya kabati, akiikoroga mpaka iwe kama uji mzito unaong'aa. "Uji huu hanywi mtu," alikuwa akisema, "lakini upike kama kwamba wamnywesha mkweo."

Mimi sikuwa na subira hiyo. Nilikoroga unga kwa maji ya moto ya chupa ya chai nikabandika. Bahasha zikawa na unyevu, na zikipangwa moja juu ya moja zinagandana. Basi nikafanya lile ambalo mwanamke yeyote aliyesukuma chapati angelifanya: nikanyunyiza unga mkavu katikati zisishikane. Kazi ilikwenda mbio. Unga mwingine uliingia ndani ya bahasha, sikujali.

Mzee Mbwana alinikuta nayo siku moja, mikono myeupe hadi viwiko. "Wakesho," akasema, "barua si chapati. Zitandaze chini ya feni, ungoje." Nikasema ndiyo, Mzee. Nikangoja wiki mbili tu. Kisha kila alipokwenda msikitini kusali adhuhuri mimi nilitoa kikopo changu cha unga kwenye droo.

Ndipo ikaja miaka ile dunia ilipoanza kuziogopa bahasha. Redioni tulisikia kwamba ng'ambo watu wametumiana vumbi la kimeta ndani ya barua, na katika waliokufa wamo wafanyakazi wa posta, watu kama sisi, wasiomjua mwandikaji wala mwandikiwa. Meneja wetu alituita wote, akasoma karatasi ya maagizo, akanipa mimi niibandike ukutani. Ilisema: ukiona unga usioujua, usiuguse, zima feni, watu wote watoke, mlango ufungwe, nawa kwa maji na sabuni, usipangusepanguse nguo, andika majina ya waliokuwamo, kisha mwite mkubwa. Karatasi ilikuwa nzuri. Hata leo sina la kuongeza.

Wenzangu waliitania. Mimi sikuitania. Kwetu Taita kimeta si habari ya redioni. Baba yangu mdogo alimchuna ng'ombe aliyekufa mwenyewe, akaona ni hasara kumfukia. Kidonda kikamtoka mkononi, katikati cheusi kama kaa la makaa, na kabla ya Jumapili ya pili tulimzika. Nilikuwa na miaka tisa. Kwa hiyo Mzee Mbwana aliposema, "Kimeta na Mombasa, wapi na wapi?" mimi nilikwenda nyuma ya kabati nikalia kidogo, nikarudi kazini.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatatu, mvua imenyesha asubuhi na gunia la posta limelowa upande. Nilikuwa mlangoni, nimeshika mfuko wa barua za kutoka, nangoja kwenda posta. Mzee Mbwana alikuwa mezani na kisu chake cha kufungulia. Alishika bahasha kubwa ya kaki, imechakaa, ina stempu za ng'ambo na jina la mtumaji, kampuni tusiyoijua, limepigwa mstari. Mahali pa anwani palikuwa na doa la gundi tu, maandishi ya chini yake yameyeyuka kwa mvua. Akaitikisa sikioni. Akaipasua.

Unga mweupe ukamwagika mezani, ukaingia katika mkono wa shati lake, na feni iliyokuwa ikizunguka juu ikaurusha. Naye, kwa desturi yake, akainama kuunusa.

Nilipiga kelele. Nilitoka, nikauvuta mlango, nikazungusha ufunguo.

Someni tena karatasi ya ukutani. Watu wote watoke, ndipo mlango ufungwe. Mimi nilikumbuka mlango nikasahau mtu. Nimejaribu miaka mingi kujisemea kwamba nilikuwa nimebabaika, na ni kweli nilibabaika, lakini kubabaika hakudumu saa tatu na nusu, na ufunguo ulikuwa mkononi mwangu muda wote huo.

Feni ilinyamaza. Swichi yake ilikuwa ndani, kwa hiyo ni yeye aliyeizima. Katika sisi wawili, ni yeye aliyeifuata karatasi. Kisha akabisha. Alibisha bila hasira, kama mtu anayebisha nyumba ya jirani. "Wakesho!" Nilikuwa nimeegemea ukuta wa ngazi mkabala na mlango. Akabisha tena, akaniita tena, akaanza kusema jambo. Mimi nikaziba masikio kwa viganja viwili, nikamwona baba yangu mdogo na mkono wake, sikutaka kusikia mtu akiniomba nifungue. Mara ya tatu alibisha mara moja tu. Baada ya hapo hakubisha.

Adhana ya adhuhuri iliadhiniwa akiwa mle ndani bila tone la maji. Wakubwa walikwisha kupiga simu. Meneja alikuja akanishika bega mbele ya watu, akasema, "Huyu msichana ameokoa ofisi nzima." Wote wakanitazama kwa namna ambayo sikuwahi kutazamwa katika jengo lile. Msiulize kama nilifurahi. Nilifurahi.

Wataalamu walifika wamevaa mavazi meupe na barakoa, wakachukua ufunguo kwangu, wakaingia. Mmoja akatoka na ile bahasha ndani ya mfuko wa nailoni unaoonyesha ndani, akapita nayo hatua mbili kutoka niliposimama. Kwenye kona ya chini kulikuwa na namba ya jalada kwa wino wa kijani. Katika ofisi ile hakuna aliyetumia wino wa kijani isipokuwa mimi. Niliupenda, nilidhani unanifanya nionekane msomi. Nikaitazama tena. Ilikuwa barua yetu wenyewe, tuliyoituma bara majuma mengi nyuma, imekosa mwenyewe, imerudi, na karatasi ya anwani imebanduka kwa mvua kwa sababu niliibandika kwa maji ya chai. Na unga ule ulikuwa wa kikopo changu.

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Meneja alikuwa bado ameshika bega langu, anamweleza mkubwa wa wale wataalamu jinsi nilivyokuwa mwepesi. Nikaufunga.

Wakamtoa Mzee Mbwana. Wakampeleka uani, wakamvua nguo nyuma ya turubai lisilofika chini, wakamwogesha kwa mpira wa maji, na makarani wamejaa madirishani, na wapita njia wamejaa getini. Nguo zikatiwa mfukoni, na kofia ikatiwa mfukoni. Alitoka amevaa ovaroli la tarishi, miguu mitupu, kichwa wazi. Nywele zake zilikuwa nyeupe zote. Alimwuliza mmoja wao swali moja tu: "Kofia yangu itarudi?" Haikurudi.

Majibu ya maabara yalikuja baada ya siku kadhaa. Unga wa ngano. Ofisi nzima ilicheka mpaka machozi, wakaanza kumwita Mzee Chapati. Nami nilicheka. Kucheka kwangu ndiko kunakoniuma kuliko yote, wanangu, hata kuliko ule ufunguo. Kikopo nilikitupa kwenye pipa la uani nikiwa nimekizungushia gazeti.

Lakini huko Mji wa Kale kulikuwa na karai. Mkewe, Bi Rukia, alikuwa akichoma mahamri kila asubuhi kwenye kibaraza cha nyumba yao, na mbaazi za nazi kando, na wateja wake walipanga mstari mpaka kona ya kichochoro. Hata wafanyakazi wa Tononoka walizunguka kumpitia. Nilikula kwake mara nyingi; hakukubali nilipe, alisema mtoto wa masijala ni mtoto wake. Siku ya pili baada ya mumewe kuogeshwa uani, hakuja mtu. Siku ya tatu alikuja jirani mmoja, akasimama mbali, akauliza kama Mzee ameamkaje, akaondoka bila kununua. Yule mzee ameletewa ugonjwa kwa barua, walisema, ugonjwa wenyewe ni unga mweupe, na mkewe anauza nini? Majibu ya maabara yalipofika ofisini, hakuna aliyeyapeleka kichochoroni. Hayakuwa na mchukuzi. Mchukuzi nilikuwa mimi, na nilikuwa nimekaa.

Mzee Mbwana aliomba kustaafu kabla ya wakati. Siku ya mwisho alinikabidhi kisu cha kufungulia barua na kufuli la kabati, akanionyesha tena namna ya kupika gundi, kama kwamba sijui, akakoroga polepole hadi ikang'aa. "Shabu usisahau," akasema. Nikakikalia kiti chake miaka yote iliyobaki. Sikunyunyiza unga tena, na wino wa kijani niliuacha. Mkidhani hiyo ni toba, mimi pia nilidhani hivyo.

Nilistaafu. Mwaka juzi nikasikia mzee haoni tena vizuri, nikaona nikichelewa nitakwenda kuisemesha maiti. Nikaenda alasiri. Bi Rukia akanipokea kwa mikono miwili, "Karibu mwanangu, miaka mingapi!" akaenda jikoni kuweka kahawa. Mzee alikuwa amekaa kitini kando ya dirisha, kichwani kofia ya dukani, ile ya kushonwa kwa mashine.

"Alasalkheri, Mzee."

"Alasalkheri, Wakesho. Ndoo karibu." Alinijua kwa sauti, au kwa harufu, sikuuliza. Nyumbani walisema kwa lafudhi ya Mji wa Kale, ambamo njoo ni ndoo na kujua ni kuyua.

Nikasema yote. Kikopo, wino wa kijani, mfuko wa nailoni uliopita mbele yangu. Nilisema mbio mbio, nimeyakazia macho magoti yangu. Nilipokwisha, akanigeuzia uso.

"Naliyua," akasema.

"Ulijua lini, Mzee?"

"Papo hapo. Si nalinusa? Unga wa ngano wanuka unga wa ngano." Akatabasamu kidogo. "Nalikwita. Nalikwambia, 'Ndoo ufungue, mwanangu, ni unga wako wa chapati.' Mara mbili. Nawe uko pale pale, viatu vyako navisikia."

"Na wale watu walipokuja? Mbona hukuwaambia?"

"Niwaambie wakufukuze? Wewe hapa mjini hukuwa na mtu. Mimi nalikuwa na Rukia."

Niliinua macho. Bi Rukia alikuwa mlangoni, ameshika sinia ya kahawa, na sikujua amesimama hapo tangu lini. Aliiweka sinia juu ya meza bila kumimina.

"Kumbe ni unga tu," akasema. Akamtazama mumewe, akanitazama mimi. "Na nyinyi nyote wawili mwayua. Mimi nalikanda, nikachoma, nikakaa pale kibarazani na mahamri yangu mpaka yapoe, nikawamwagia paka. Miezi minane. Nikisema, Rukia, labda mkono wako umeharibika. Labda umemkosea mtu."

"Rukia," mzee akasema.

"Wewe nyamaza. Wewe walimlinda huyu. Mimi nani alonilinda?"

Nikapiga magoti, nikamwomba msamaha. Hakunisukuma, wala hakuniinua. "Msamaha wako si wangu peke yangu kuupokea," akasema. "Enda kawaambie wale walonikimbia hapa kichochoroni."

"Bi Rukia, wengi wamehama. Wengine wamefariki."

"Walobaki watosha."

Nilitoka kichochoroni nikabisha nyumba ya kwanza. Akafungua binti mdogo wa umri wenu, hajui karai wala mahamri, akadhani nauza kitu. Nyumba ya pili ilikuwa duka la vinyago. Ya tatu niliifikia nikasimama mlangoni, mkono juu, na sikubisha. Mimi na milango hatujapatana.

Mzee Mbwana alifariki kabla ya mvua za mwaka huu. Watu walijaa kumzika. Bi Rukia aliitikia salamu yangu, akageukia wengine.

Kwa hiyo nimeandika, maana kazi yangu ilikuwa kufikisha. Nyinyi vijana wa barua, pua yake ilisema kweli siku ile, na bado nawaambia msinuse, kwa sababu siku moja haitakuwa unga wa ngano. Zimeni feni, mtoke wote, mfunge. Mkimtenga mtu kwa usalama wake na wenu, mpeni maji, kaeni mahali anapowasikia, mseme naye, mumsikilize. Vumbi halipiti kwenye maneno. Na ile hongera niliyowaahidi, ni hii: hamjakosa bado.

Na wewe uliyekuwa ukipita kwa Bi Rukia asubuhi, ukaacha, ukapitia kichochoro cha pili usikutane na macho yake: mumewe hakuwa na ugonjwa wowote. Ulikuwa unga wa ngano. Niliunyunyiza mimi, Wakesho wa masijala, na nililijua hilo siku ile ile, kabla hawajamvua kofia.